Pumzi Katika Baridi: Filamu Iliyokarabatiwa na Ushahidi wa Macho

Malampaka ni mji mdogo wa Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, uliokua kandokando ya kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Pamba, nafaka na abiria vimepita hapo tangu reli hiyo ilipofika Mwanza mwaka 1928. Katika miaka ya 1990 bidhaa nyingine ilianza kuenea katika miji midogo ya Tanzania kama huo: kanda za video. Kibanda cha video hakikuhitaji mengi. Palitosha televisheni moja, mashine ya kuchezea kanda, jenereta pale ambapo umeme haukufika, mabenchi machache, na mara nyingi msimulizi aliyeeleza mambo kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji wa kigeni. Kwa njia hiyo vijana wengi wa shule walikutana kwa mara ya kwanza na hadithi za bunilizi ya kisayansi: viumbe kutoka sayari nyingine, mashine zenye akili, na wataalamu waliozidiwa na ugunduzi wao wenyewe.

Aghalabu kanda hizo hazikuwa nakala za kwanza. Mtu mmoja alinakili kutoka kwa mwingine, na huyo mwingine alikuwa amenakili kutoka kwa wa tatu. Leo filamu zilezile zinatolewa upya zikiwa zimekarabatiwa na kugeuzwa kuwa picha za ubainifu wa juu kabisa. Mwalimu aliyeiona filamu fulani kibandani alipokuwa kijana anaweza kuitazama tena na kujiuliza kama kweli ni filamu ile ile. Swali hilo si la burudani tu. Ni swali la kisayansi kuhusu chombo na kile ambacho chombo kinaturuhusu kukiona.

Filamu moja inafaa kuwa mfano, kwa sababu habari yenyewe ni habari ya kunakili.

KIUMBE KINACHONAKILI

Mwaka 1938 mwandishi wa Marekani, John W. Campbell, alitoa hadithi ya watafiti waliofukua kiumbe kigeni ndani ya barafu ya Antaktika. Mwaka 1951 hadithi hiyo ikawa filamu ya rangi nyeupe na nyeusi iitwayo The Thing from Another World, iliyoongozwa na Christian Nyby na kusimamiwa na Howard Hawks. Watengenezaji wake waliihamishia habari upande wa Ncha ya Kaskazini, na kiumbe wakakifanya jitu moja lenye nguvu. Mwaka 1982 John Carpenter aliitengeneza habari hiyo upya kwa jina la The Thing, yaani "Kitu". Yeye aliirudisha Antaktika, na akarudisha pia wazo kuu la Campbell: kiumbe hakina umbo lake maalumu, bali huvamia chembehai za mnyama au mtu, kisha hujigeuza kuwa nakala yake kamili. Watu kumi na wawili wa kambi hiyo hawawezi tena kujua ni nani mwenzao na ni nani nakala.

Filamu hiyo inaisha bila jibu. Kambi inateketea kwa moto. Wamebaki watu wawili, MacReady na Childs, wameketi katika theluji wakitazamana. Hakuna anayejua kama mwenzake bado ni mtu.

Kwa miaka mingi watazamaji wengi walidai kwamba jibu limefichwa katika pumzi. Katika baridi kali, mvuke wa maji uliomo katika hewa tunayoitoa hupoa ghafla na kuwa matone madogo mno, nayo huonekana kama wingu jeupe. Mwanafunzi wa Makete au Njombe huliona wingu hilo mdomoni mwake asubuhi za Juni na Julai. Mwanafunzi wa Malampaka huenda hajaliona kamwe, wala asingefikiri kulitafuta. Waliolitafuta walisema hivi: pumzi ya MacReady inaonekana wazi, ya Childs haionekani, basi Childs si mtu tena.

Hoja hiyo inavutia. Lakini kabla ya kuikubali, hapana budi kuuliza iliegemezwa juu ya picha ya namna gani.

KANDA ILIONDOA NINI

Filamu ya sinema ya mwaka 1982 ilipigwa kwenye utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 35. Juu ya utepe huo mna tabaka za gelatini zilizochanganywa na chumvi za fedha zinazoathiriwa na mwanga. Tabaka moja hupokea mwanga wa buluu, jingine wa kijani, jingine mwekundu. Utepe unaposafishwa kwa kemikali, mawingu madogo sana ya rangi hujitokeza mahali palipoguswa na mwanga, na fedha huondolewa. Mawingu hayo yametawanyika bila mpangilio, na ndiyo yanayoleta zile chembechembe zinazoonekana kucheza katika picha ya filamu.

Utepe uliokuwa ndani ya kamera huitwa hasi. Huo ndio asili. Lakini hasi haikupelekwa kwenye majumba ya sinema. Kutokana nayo ilitengenezwa nakala chanya, kutokana na chanya hiyo hasi ya pili, na kutokana na hasi ya pili nakala za kuonyeshwa. Kila hatua ilipunguza ukali kidogo. Kwa hiyo hata mtazamaji wa Los Angeles mwaka 1982 hakuiona asili.

Kanda ya video ilipunguza zaidi, na upungufu huo unaweza kupimwa.

Kwanza ni ubainifu. Kanda ya VHS katika mfumo wa PAL ilikuwa na mistari 576 ya picha kutoka juu hadi chini, lakini kwa upana iliweza kutenganisha takriban nukta 320 tu. Ukizidisha unapata nukta zisizofika 185,000. Picha ya ubainifu wa juu kabisa ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Hiyo ni kama mara 45 ya kanda. Tena kanda iliweka mwanga na giza kwa usahihi kiasi, lakini rangi iliziweka kwa usahihi mdogo zaidi, na ndiyo maana wekundu wa damu au wa moto ulivuja nje ya mipaka yake.

Pili ni umbo. Filamu hii ilipigwa kwa picha pana, ambayo upana wake ni mara 2.35 ya kimo. Televisheni za zamani zilikuwa na upana wa mara 1.33 tu. Ili skrini ijae, watengenezaji wengi wa kanda walikata pande za picha. Mwanafunzi anaweza kugawanya 1.33 kwa 2.35 na kuona kwamba kilichobaki ni asilimia 57. Katika habari ambamo mtazamaji anapaswa kuwachunguza watu wote waliomo chumbani, asilimia 43 ya chumba ilitupwa.

Tatu ni mwendo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, ilhali mfumo wa PAL ulionyesha picha 25. Filamu ikaharakishwa. Habari ya dakika 109 ikaisha katika dakika 104 na nusu hivi, na sauti zote zikapanda kidogo.

Juu ya hayo yote palikuwa na kunakili. Sumaku ya kanda huhifadhi mawimbi, na kila nakala huongeza makosa yake juu ya makosa ya nakala iliyotangulia. Weusi hugeuka kijivu, kingo hutetemeka, na mambo hafifu humezwa na chenga. Wingu jembamba la pumzi, lenye mwanga unaozidi giza la nyuma yake kwa kiasi kidogo tu, ni miongoni mwa mambo ya kwanza kupotea.

NAMNA YA KUKARABATI

Ukarabati hauanzi na kompyuta. Unaanza na kuitafuta asili. Mwaka 2017 kampuni ya Arrow ya Uingereza ilitoa The Thing iliyokarabatiwa kutokana na hasi yenyewe, kazi iliyosimamiwa na Carpenter pamoja na mpiga picha wake, Dean Cundey. Mwaka 2021 kampuni ya Universal iliitoa filamu hiyo katika diski ya ubainifu wa juu kabisa.

Katika kazi ya aina hii hasi husafishwa, kisha hupitishwa picha moja baada ya nyingine mbele ya taa na kifaa cha kupokea mwanga. Kifaa hicho hupima kiasi cha mwanga uliopita katika kila nukta, katika rangi tatu, na kuandika matokeo kwa namba. Filamu ya dakika 109 ina picha karibu 157,000, na kila moja hupimwa hivyo.

Mikwaruzo na vumbi huondolewa kwa mbinu zinazotegemea fizikia ya sekondari. Mbinu moja ni kuilowesha filamu katika kioevu chenye uwezo wa kupinda mwanga unaokaribia ule wa plastiki ya utepe. Kioevu huujaza mkwaruzo, mwanga haupindi tena unapoupita, na mkwaruzo hutoweka machoni. Mbinu nyingine hutumia mionzi ya infraredi. Rangi za filamu huipitisha mionzi hiyo bila kuizuia, lakini vumbi huizuia. Kwa hiyo picha ya infraredi ni ramani ya uchafu peke yake, na kompyuta huitumia kujua mahali pa kusafisha. Mbinu hii ya pili haifai kwa filamu nyeupe na nyeusi ya mwaka 1951, kwa sababu picha ya filamu hiyo imeundwa kwa fedha halisi, nayo fedha huizuia infraredi kama vumbi linavyofanya. Hivyo filamu mama na filamu iliyotengenezwa upya haziwezi kutibiwa kwa dawa moja.

Yafaa kusisitiza jambo moja. Kazi hii haiongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Inapunguza idadi ya hatua zilizo kati ya mtazamaji na asili.

KINACHOBADILIKA MACHONI

Katika picha iliyokarabatiwa, pumzi ya Childs inaonekana. Ni hafifu kuliko ya MacReady, lakini ipo. Sababu ya tofauti hiyo ni ya kifizikia. Matone madogo hutawanya mwanga kwa wingi zaidi kuelekea mbele, yaani upande ambao mwanga unakwenda. Ndiyo maana vumbi la nyumbani huonekana vizuri mtu anapotazama kuelekea mlango unaopitisha jua, na hutoweka akilipa jua mgongo. Watu wawili walioketi mahali tofauti kati ya mioto ya kambi hawawezi kumulikwa sawasawa, wala pumzi zao haziwezi kuonekana sawasawa.

Je, basi Childs ni mtu? Picha haisemi hivyo. Kiumbe kinachonakili mapafu kinaweza pia kunakili pumzi. Kilichoanguka ni hoja ya zamani peke yake. Watazamaji walikuwa wamechukua upungufu wa kanda wakaufanya sifa ya Childs. Hilo ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa sayansi anapaswa kulijua kwa jina na kwa sura: kutoona kitu kwa chombo dhaifu si ushahidi kwamba kitu hicho hakipo. Mtu aliyepima maji ya kisima kwa jicho tupu akasema hayana vijidudu amefanya kosa hilo hilo, na madhara yake ni makubwa kuliko ya sinema.

Jambo la pili linalobadilika ni uhusiano wa filamu hii na ile ya mwaka 1951. Katika filamu ya zamani, watafiti wanasambaa juu ya barafu na kunyosha mikono ili kulipima umbo la chombo kilichozama, na wanagundua kwamba wamesimama katika duara. Carpenter alilirudia tukio hilo kwa heshima: watu wake wanatazama kanda ya video ya kambi ya Wanorwe, nayo inaonyesha watu waliosimama vilevile juu ya barafu. Kanda hiyo ilikusudiwa kuonekana hafifu, tofauti na ulimwengu wa filamu unaoizunguka. Kibandani tofauti hiyo ilifutika, kwa sababu filamu nzima ilikuwa hafifu kama kanda iliyomo ndani yake. Filamu iliyokarabatiwa inairudisha, na mtazamaji anaona tena kwamba watu wa kambi nao wanajaribu kujua ukweli kwa kutazama kanda mbovu.

Jambo la tatu ni kwamba ufundi hujidhihirisha. Viumbe vya filamu hii vilitengenezwa kwa mikono na Rob Bottin na wasaidizi wake, kwa mpira, plastiki na mitambo. Shimo kubwa la barafu lenye chombo cha angani ndani yake lilichorwa kwa rangi na Albert Whitlock, na mchoro ukaunganishwa na picha za wachezaji. Mafundi hao walijua kwamba nakala ya jumba la sinema ingelainisha kazi yao. Ukali wa leo unapita pale walipotarajia, na jicho makini hutambua mpira kuwa mpira na mchoro kuwa mchoro. Mtazamaji mmoja atasema hofu imepungua. Mwingine atastaajabu kwamba mikono ya binadamu iliweza hayo. Wote wawili wanaiona filamu ambayo kibanda cha video hakikuweza kuwaonyesha.

JE, PICHA KALI NDIYO YA KWELI?

Si lazima. Mkarabati anaweza kupotosha kama kanda ilivyopotosha. Wengine huzihesabu chembechembe za filamu kuwa uchafu, wakaiamuru kompyuta izifute. Lakini chembechembe ndizo picha yenyewe, na zikifutwa ngozi za watu hugeuka laini kama nta. Wengine hubadilisha rangi kwa kufuata mtindo wa siku zao. Ndiyo maana ni muhimu kumshirikisha mpiga picha aliyekuwapo, na kuzihifadhi namba za kwanza kabla ya marekebisho yoyote.

Vilevile jicho lina mpaka wake. Mtu mwenye macho mazuri hutenganisha vitu viwili vinavyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Televisheni yenye mshazari wa sentimita 140 ina upana wa sentimita 122 hivi. Ikiwa na nukta 3,840 kwa upana, kila nukta ni theluthi moja ya milimita, na mtu anayekaa mbali zaidi ya mita 1.1 hawezi kuzitenganisha. Ikiwa na nukta 1,920, mpaka ni mita 2.2. Kwa hiyo anayekaa mita tatu kutoka skrini hiyo hapati faida yote ya nukta alizolipia. Faida atakayoiona ni ya mwanga na rangi, kwa kuwa picha mpya hugawa kila rangi katika ngazi 1,024 badala ya 256, na giza la usiku wa Antaktika huwa na ngazi nyingi badala ya kuwa doa moja jeusi.

MAJARIBIO MAWILI YA DARASANI

Mpaka wa jicho unaweza kupimwa katika shule yoyote. Mwalimu achore kwenye karatasi nyeupe mistari miwili myeusi iliyoachana kwa milimita moja, aibandike ukutani penye mwanga, na wanafunzi warudi nyuma hatua kwa hatua hadi mistari iungane machoni. Kwa jicho la kawaida umbali huo hukaribia mita 3.4. Matokeo ya darasa zima yaandikwe na kulinganishwa. Mwanafunzi ambaye mistari yake inaungana karibu mno huenda anahitaji miwani, na jaribio litakuwa limemfaa kuliko filamu yoyote.

Jaribio la pili linahusu kunakili. Ukurasa wenye maandishi madogo na picha utolewe nakala kwa mashine ya fotokopi, kisha nakala hiyo itolewe nakala, na hivyo hadi mara sita. Karatasi zote zipangwe mezani kwa mfuatano. Wanafunzi waseme ni katika nakala ya ngapi kila jambo lilipotea: nukta ya mwisho wa sentensi, kivuli katika picha, herufi ndogo. Kisha waulizwe swali gumu zaidi: kwa kutumia nakala ya sita peke yake, wangejuaje kilichokuwapo katika ya kwanza? Wataona kwamba baadhi ya herufi zinaweza kukisiwa kutokana na neno, lakini nukta iliyopotea hairudishwi na akili wala mashine. Akisiaye anaandika upya, hakarabati.

ASILI ISIPOHIFADHIWA

Hapo ndipo jambo hili linapogusa Afrika Mashariki. The Thing imerudi katika ukali wake kwa sababu hasi yake ilitunzwa. Filamu zilizopigwa katika nchi zetu hazikubahatika hivyo zote. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa sinema za elimu ulioongozwa na L. A. Notcutt ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na maisha ya vijijini. Zilipigwa kwenye utepe wa milimita 16, na sauti zake ziliwekwa kando katika sahani za santuri. Ni chache tu zilizobaki. Mahali ambapo picha na santuri vimetengana, filamu ni bubu.

Plastiki ya asetati iliyotumika kwa filamu nyingi ina adui wawili, joto na unyevu. Maji humenyuka na asetati na kutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo huharakisha mmenyuko uliouzaa, kwa hiyo uharibifu ukishaanza huongeza kasi yake wenyewe. Utepe hunuka siki, hunywea, hujikunja, na mwisho haupiti tena katika mashine yoyote. Chumba chenye baridi na ukavu hupunguza mwendo huo. Hakuna kompyuta itakayosoma mwanga uliopita katika utepe ambao haupo.

Shule yenye picha za zamani, kanda za sherehe au rekodi za wazee inaweza kuanza leo kwa kazi ndogo: kuziandikia tarehe na majina, kuziondoa chini ya bati lenye joto, kuzitenga zile zinazonuka siki ili zisiambukize nyingine, na kuzinakili mara moja kutoka asili, si kutoka nakala. Namba zikishapatikana zinaweza kunakiliwa mara elfu bila kupungua. Lakini namba hizo haziwezi kuwa bora kuliko kitu kilichopimwa siku ile, na kila mwaka wa joto unaopita huondoa sehemu ya kitu hicho.